Nchi Iliyopiga Marufuku Zimamoto

Mwinyimvua Pazi hakatai: siku ile mjinga alikuwa yeye. Wapo waliojaribu kumtetea, kwamba uwanja mzima ulipiga makofi, kwamba hata bendi ilipiga. Yeye husema hapana, acheni, makofi ya kwanza yalikuwa yangu. Alikaa mstari wa mbele, ndani ya ovaroli jekundu lililopigwa pasi mpaka likawa na makali, na kabla Mtukufu Kiongozi hajafunga mdomo, Mwinyimvua alikuwa ameshanyanyuka anapiga makofi kama mtu anayeua mbu.

Nchi yenyewe haina haja ya kutajwa. Anayeishi humo anaijua, na asiyeishi humo bila shaka anayo ya kwake. Tuseme tu kwamba ina bahari, ina bandari, ina Chuo cha Mabaharia, na ina Mtukufu Kiongozi, ambaye siku hiyo alikuja chuoni kufungua choo kipya cha wakufunzi.

Mwinyimvua alikuwa na miaka kumi na tisa anawafundisha mabaharia wa meli za mizigo namna ya kuuzuia moto usitokee, na ukitokea, namna ya kuuzima. Kabla ya hapo alikuwa baharia mwenyewe. Nyusi yake ya kushoto aliiacha kwenye chumba cha mitambo cha meli ya saruji, haikuota tena. Wanafunzi walimwita Mwalimu Nyusi Moja, naye aliitika, tena kwa furaha, maana aliamini kwamba mtu aliyepona akapoteza nyusi tu hana haki ya kununa.

Hotuba ya Mtukufu ilikuwa fupi, saa mbili na nusu tu. Mwishoni alivua miwani, akasema:

"Ndugu zangu, nimechoka na zimamoto. Mgeni anakaribia kufika ndiyo mnaziba mashimo ya barabara: zimamoto. Mvua imeshanyesha ndiyo mnazibua mitaro: zimamoto. Shule zimeshafunguliwa ndiyo mnatafuta madawati: zimamoto. Kuanzia leo, katika nchi hii, sitaki kuona zimamoto, sitaki kusikia zimamoto, na atakayeendekeza zimamoto tutaonana."

Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Kila anayezungumza lugha ile anajua zimamoto ya aina hiyo ni ipi: kulala mpaka jambo liharibike, kisha kuamka na kukimbia huku na huko. Mwinyimvua alimgeukia mtunza stoo aliyekaa kando yake.

"Umesikia, mzee? Kazi yangu imetajwa na Mtukufu mara saba. Mwaka huu lazima napanda cheo."

Akacheka mpaka akashika tumbo. Ndiyo maana nasema hakatai.

*

Waraka ulifika baada ya siku nne. Uliitwa Waraka Namba Moja wa Kutokomeza Zimamoto kwa Namna Zake Zote, na ulitiwa saini na Mheshimiwa Kilombwe, Naibu Waziri wa Bandari. Uliagiza kwamba taasisi yoyote yenye kozi, kitengo, chombo, gari au mtumishi wa zimamoto iviondoe vyote ndani ya siku saba, na mtumishi apangiwe kazi ya heshima.

Mwinyimvua aliusoma mara mbili, akachukua kofia, akaenda kwa Mkuu wa Chuo, Dakta Kapteni Mlekwa. Udakta Mlekwa alitunukiwa. Ukapteni aliupata katika timu ya mpira wa miguu ya wizara. Bahari aliifahamu vizuri kwenye kalenda.

"Mkuu, hii ni zimamoto ile nyingine."

"Ipi nyingine?"

"Ya kufanya mambo dakika ya mwisho. Mtukufu hakusema habari za moto wa kuunguza. Alisema uzembe."

Mlekwa aliinuka, akafunga mlango, akafunga dirisha, akazima na feni, labda nayo ina masikio.

"Kwa hiyo wewe, Mwalimu Pazi, unajua Mtukufu alikuwa na maana gani?"

"Kila mtu anajua, Mkuu. Hata wewe unajua."

"Mimi sijui kitu. Ila kama wewe unajua, andika. Andika barua kwamba mimi, Mwinyimvua Pazi, wa nyumba ya chuo namba nne, ninamfafanulia Mtukufu Kiongozi alichotaka kusema. Karatasi hii. Kalamu hii."

Mwinyimvua aliitazama kalamu. Nchi nzima ilikuwa inajua. Mawaziri walijua. Madereva wa magari mekundu walijua, huku wakiyaegesha na kuyavua matairi. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kuandika mstari mmoja. Naye alikuwa na mke, na watoto watatu, na nyumba ya chuo iliyoezekwa bati jipya mwezi uliopita.

"Kalamu hii haina wino, Mkuu," alisema.

"Ndivyo wanavyosema wote," alijibu Mlekwa, akairudisha mfukoni.

*

Utekelezaji ulikwenda mbio, kwa mwendo ambao mtu mwenye mdomo mchafu angeuita zimamoto.

Mitungi ya kuzimia moto ilikusanywa kutoka chuoni na katika meli zote za taifa, ikafungiwa stoo, na mlangoni pakaandikwa kwa rangi nyekundu: HATARI, VIFAA VYA KUZUIA HATARI. Mipira ya maji ilipelekwa bustanini kumwagilia maua yaliyopandwa yakaandika jina la Mtukufu. Maua yalistawi sana. Yalikuwa ndiyo kitu pekee nchini chenye kinga kamili dhidi ya moto. Kontena la moshi, ambamo mabaharia walikuwa wakitambaa kwa tumbo bila kuona, wakijifunza kutoka nje kwa kupapasa ukuta, lilipakwa rangi ya waridi, likawekwa makochi na kiyoyozi, likaitwa Ukumbi Mdogo wa Wageni Mashuhuri.

Kozi haikufutwa. Ingefutwaje, na meli za taifa haziruhusiwi kutia nanga bandari za watu bila mabaharia wenye cheti? Ilibadilishwa jina, ikawa Utulivu Mbele ya Ongezeko la Joto. Neno "moto" lenyewe likawekwa chini ya uangalizi wa Bwana Shegella, Afisa Istilahi, mtu mpole, mwenye daftari, aliyekaa nyuma ya kila darasa akisikiliza. Wiki ya kwanza tu alimsimamisha kazi mama wa kantini aliyesikika akinadi maandazi ya moto. Alipaswa kusema maandazi yenye joto la kuridhisha.

Kisha ikaja pembetatu. Kwa miaka kumi na tisa Mwinyimvua alikuwa akichora ubaoni pembetatu na kuandika kila upande sharti moja la moto: joto, kitu cha kuungua, na hewa. Ondoa kimoja, moto unakufa. Kamati ya wataalamu ilijifungia hotelini siku kumi na moja ikagundua kwamba hewa haina hatia, kwa kuwa inatolewa na Mungu na kusimamiwa na serikali. Mahali pake wakaweka wachochezi. "Ongezeko la joto," kitabu kipya kilisema, "huletwa na mambo matatu: joto, kitu cha kuungua, na wachochezi. Wachochezi wakiondolewa, joto hushuka lenyewe."

Na kulikuwa na fomu. Baharia akiona joto lisilo la kawaida alitakiwa akae mkao wa utulivu, mgongo wima, viganja juu ya mapaja, kisha ajaze Taarifa ya Ongezeko la Joto, nakala nne, na kugonga muhuri wa idara iliyo karibu. Swali la tisa liliuliza: "Je, joto hili lina kibali? Kama halina, kwa nini?"

Mwinyimvua aliyafundisha hayo. Aliyafundisha kwa mizaha, akikonyeza jicho lisilo na nyusi, ili wanafunzi wajue kwamba na yeye anajua. Alidhani kukonyeza kunatosha.

Katika darasa la tatu alikuwamo Selestini, fundi wa mitambo wa MV Fahari, mtani wake wa miaka mingi, aliyekuja kuhuisha cheti chake kama inavyotakiwa kila miaka mitano. Alinyoosha mkono.

"Mwalimu, tuseme nipo chini kabisa, chumba cha mitambo, na hilo joto lisilo na kibali limesimama mlangoni. Muhuri nitagongewa na nani?"

"Wewe jaza kwanza, Selestini," alisema Mwinyimvua. "Ukimaliza utaniuliza."

Darasa lilicheka. Bwana Shegella naye alitabasamu. Mzaha ulikuwa mzuri.

Aliyekuwa hacheki ni Bi Chausiku, mpishi wa MV Utulivu, mwanamke mnene mwenye mikono yenye makovu ya mafuta mpaka kwenye viwiko.

"Mimi ni mtu wa jikoni," alisema. "Karai la mafuta ya kukaangia likilipuka melini, nifanye nini?"

"Utakaa mkao wa utulivu, Bi Chausiku."

"Halafu?"

"Halafu fomu."

Bi Chausiku alimtazama usoni, juu kidogo ya jicho la kushoto. "Na hiyo nyusi, Mwalimu, uliijazia nakala ngapi?"

Darasa likacheka zaidi. Mwinyimvua naye akacheka, akakusanya vitabu, akatoka haraka. Jibu alikuwa nalo, maneno manane au tisa tu. Lakini daftari la Shegella lilikuwa wazi.

Selestini alipata alama tisini na nane. Alikatwa mbili kwa kupinda mgongo.

*

MV Fahari iliondoka na pamba. Saa nne asubuhi, hali ya hewa nzuri, bandari bado inaonekana, bomba la mafuta lilitoboka katika chumba cha mitambo na mafuta yakarukia bomba la moshi la injini. Jambo hilo Mwinyimvua alikuwa akilifundisha Jumatatu ya kila kozi, kabla ya chai: futa mafuta yaliyovuja, kaza nati, funika bomba, usiseme kesho. Halikuingizwa kwenye kitabu kipya kwa sababu kukaza nati kabla hakijatokea kitu kulionekana kuwa ni kuituhumu nati.

King'ora hakikulia. Ving'ora viliondolewa kwa kuleta taharuki, na mahali pake pakawekwa sauti ya mtangazaji wa redio, mwanamke mwenye sauti ya asali. Watu waliokuwa sokoni, pale gatini, waliisikia ikipita juu ya maji: "Mpendwa baharia, kuna ongezeko la joto. Endelea kuwa mtulivu." Waliisikia tena. Waliisikia muda wa saa nzima, moshi ukiwa umesimama mweusi juu ya meli, mpaka sauti yenyewe ikaanza kuungua, ikawa nzito kama ya mwanamume, ikaburuta maneno, ikanyamaza.

Walikuwamo watu kumi na tisa. Wanane waliruka baharini wakaokolewa na wavuvi, na baadaye wakashitakiwa kwa utoro kazini. Kumi na moja hawakuruka.

Ripoti ilitoka upesi. Mheshimiwa Kilombwe aliisoma mwenyewe redioni: "Kamati imeridhika kwamba marehemu wote kumi na moja walizingatia utaratibu. Hakuna aliyesikika akipiga kelele. Mkao wao, kwa wale ambao mkao wao uliweza kutambulika, ulikuwa mzuri. Chuo cha Mabaharia kinastahili pongezi." Chuo kikatunukiwa ngao, ikapachikwa katika kontena la waridi, ukutani palepale ambapo mabaharia walikuwa wakipapasa kutafuta njia.

Baada ya wiki moja Bwana Shegella alikuja ofisini kwa Mwinyimvua na karatasi ndani ya mfuko wa plastiki. Ilikuwa fomu ya Selestini. Ilikutwa katika mfuko wa ovaroli lake, kifuani, imekunjwa vizuri.

"Imejazwa kuliko zote," alisema Shegella. "Wizara inapendekeza ibandikwe darasani iwe fomu ya mfano."

Mwinyimvua aliisoma amesimama. Jina, cheo, namba ya cheti, aina ya joto, kibali: "sijaona". Mwandiko ulikuwa unaanza sawasawa na kulegea kadiri unavyoshuka. Nafasi ya muhuri ilikuwa tupu. Chini kabisa, palipoandikwa Maoni ya Mtoa Taarifa, Selestini alikuwa ameandika:

"Mwalimu, nimejaza. Sasa?"

Mwinyimvua akakaa. Akaisoma amekaa.

"Utaibandika?" aliuliza Shegella.

"Nitaibandika."

Hakuibandika. Aliikunja kwa mikunjo ileile ya Selestini, akaitia mfuko wa shati. Tangu siku hiyo aliacha kukonyeza. Kazini walidhani amepandishwa cheo.

*

Bi Chausiku alikuwa jikoni MV Utulivu, gatini, anamenya vitunguu, Mwinyimvua alipobisha.

"Nimekuja kujibu swali lako, Bi Chausiku."

"Swali langu lina miezi mitatu."

"Najua."

"Selestini aliuliza siku ileile. Yeye ulimjibu kwa kichekesho."

"Najua hilo pia."

Bi Chausiku aliendelea kumenya. Vitunguu vilikuwa vimemtoa machozi tangu kabla, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema yalikuwa ya nini. Mwishowe alisukuma kigoda kwa mguu.

"Kaa. Na mkao wako wa utulivu usiniletee humu."

Ndivyo lilivyoanza darasa la Mapishi Salama ya Vitu vya Kukaanga, kila Jumamosi baada ya adhuhuri, kwenye mawe nyuma ya ghala la gati. Liliandikishwa kihalali, na Dakta Kapteni Mlekwa aliligongea muhuri bila kusoma. Walikuja wapishi, wakaja mafundi wa mitambo, wakaja hata maofisa wawili wa sitaha waliodai wanapenda sana bajia. Kwa kuwa neno moto lilikuwa na mwenyewe, wao walisema "mgeni".

"Mgeni wa mafuta akiingia jikoni," Mwinyimvua aliwaambia, "kwanza mnyime chakula. Zima jiko. Pili, mfunike. Blanketi zito la sufi, limelowa, limekamuliwa. Lishike hivi, mikono ijifiche nyuma yake, litandaze kutoka upande wako kwenda kwake. Usimpige nalo, mfunike tu. Tatu, mwache. Usimfunue kumchungulia, hajalala. Karai usilinyanyue, utatembea naye. Na maji msimpe hata tone. Mgeni wa mafuta ukimpa maji, anaruka anakukumbatia."

Siku moja Bwana Shegella alihudhuria mwanzo mpaka mwisho, hakuandika kitu. Alipoondoka aliwapongeza kwa kuenzi ukarimu wa taifa.

Alipopotea tu, Mwinyimvua aliwasha karai la mafuta juu ya mawe. Mwali ulisimama ukafika kifuani pa mtu. Wenye vyeti vya alama tisini na ngapi walirudi nyuma wakakanyagana, maana ilikuwa mara yao ya kwanza kuuona kazini. Bi Chausiku alitangulia. Alifunika. Mwinyimvua akasubiri mafuta yapoe, akayapasha tena, akayawasha tena.

"Tena," alisema.

"Mwalimu, nimeshajua."

"Tena."

Walirudi Jumamosi baada ya Jumamosi, na kila mmoja alifunika mara kumi na moja. Hakuna aliyeuliza kwa nini kumi na moja.

Blanketi la Bi Chausiku liliishi kwenye msumari mlangoni mwa jiko la MV Utulivu, na ndoo ya maji chini yake. Mkaguzi wa wizara alipouliza ni la nini, aliambiwa ni la kufunikia ugali usipoe.

*

Mwaka ulipotimia, wizara iliandaa Safari ya Kusherehekea Mwaka Mmoja Bila Zimamoto, kwa meli ya MV Utulivu, kutoka gatini hadi mwambani na kurudi. Mheshimiwa Kilombwe alikuwa mgeni rasmi. Dakta Kapteni Mlekwa alikuwa mwenyeji, naye alianza kutapika meli ikiwa bado imefungwa kamba. Mwinyimvua aliamriwa awepo avishwe Nishani ya Utulivu.

Ukumbi wa chakula ulikuwa juu ya jiko moja kwa moja. Sambusa zilikuwa zinakaangwa. Ghafla ikaja amri kwamba mabaharia wote, wapishi wakiwamo, wapande juu wampigie makofi mgeni rasmi, maana makofi ya wageni waalikwa yalisikika membamba.

"Nina mafuta jikoni," Bi Chausiku alimwambia ofisa itifaki.

"Mama, Mheshimiwa ameshasimama."

"Ngoja basi nizime jiko."

"Akirudi kukaa hajapigiwa makofi, jina litakaloandikwa ni lako," alisema ofisa, akamshika mkono akampandisha.

Mheshimiwa Kilombwe alizungumza dakika arobaini. Alisema mwaka mzima haukuwa na tukio hata moja la zimamoto, na kwamba nchi za watu zinatuonea gere. Alikuwa amefika kwenye neno "uthabiti" moshi ulipoanza kupanda kati ya mbao za sakafu, kwanza mwembamba, kama wa mtu anayevuta sigara kwa siri.

"Mpendwa baharia," ilisema ile sauti ya asali kutoka darini, "kuna ongezeko la joto."

Waliosoma kitabu kipya tu walikaa chini, migongo wima, viganja juu ya mapaja. Walikuwa na alama nzuri sana. Wageni waalikwa walikimbilia mlango mmoja wakauziba wote kwa pamoja. Mheshimiwa Kilombwe, kwa ukomavu wa kiongozi, hakugombea mlango. Aliliendea dirisha, lile la duara la melini. Lilipitisha kichwa, likapitisha mabega kwa shida, lilipofika kwenye tumbo likasema basi. Akabaki nusu yake ikitazama bahari na nusu yake ikiutazama ukumbi.

Bi Chausiku alikuwa ameshashuka kwa ngazi ya wapishi. Mwinyimvua aliteremka nyuma yake, na kwenye ngazi alimkuta Dakta Kapteni Mlekwa, uso wa kijani, jagi la maji mkononi, anakimbilia jikoni. Alimshika kiunoni wakaanguka wote.

"Niache, nazima!" alisema Mlekwa, na baadaye alijuta sana kulitamka neno hilo.

"Mafuta hayapewi maji, Mkuu. Lala hapo."

Kutoka pale chini Mwinyimvua aliona yote. Mwali ulikuwa umefika darini. Bi Chausiku alizima jiko kwa mkono wa kushoto. Alivuta blanketi msumarini, akalichovya ndooni, akalikamua, akaficha mikono nyuma yake, akalitandaza kutoka upande wake kwenda mbele, taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto. Chumba kikawa giza la moshi. Hakufunua kuchungulia. Alirudi kinyumenyume, akavuta mlango, akaufunga, akaegemea ukuta.

"Mgeni kalala," alisema.

Muda wote huo haukufika dakika moja. Kumnasua Mheshimiwa dirishani kulichukua saa moja na robo, na mafuta ya kupikia yaliyobaki.

*

Wiki iliyofuata Bi Chausiku na Mwinyimvua waliitwa mbele ya Kamati ya Maadili ya Utulivu. Shitaka: kutenda zimamoto ndani ya meli ya taifa, katika siku ya kuadhimisha kutokuwapo kwake. Adhabu ilikuwa imeshapigwa chapa kabla: Bi Chausiku avuliwe kitabu cha ubaharia maisha, Mwinyimvua afukuzwe kazi na nyumba, na darasa la mapishi lifutwe. Mwenyekiti wa kamati, mlalamikaji na shahidi wa kwanza alikuwa Mheshimiwa Kilombwe, ili kupunguza msongamano. Alikaa upande mmoja wa kiti, kwa kuwa kiuno kilikuwa bado na duara jekundu.

"Kwa kumbukumbu," alisema, "siku ile hakukuwa na moto. Kulikuwa na ongezeko la joto."

Mwinyimvua alisimama. Mfukoni mwa shati karatasi ilikuwa palepale.

"Mheshimiwa, kama hakukuwa na moto, huyu mama alizima nini?"

"Hilo ndilo kosa lenyewe. Alizima bila kuwapo cha kuzimwa."

"Basi nisikilizeni kitu kimoja, nilichotakiwa kukisema mwaka jana kalamu ikiwa na wino. Mtukufu alikataza kusubiri mpaka jambo liharibike ndipo tukimbie. Huyu mama alikuwa na blanketi ukutani miezi mitano. Ndoo ilijaa kila siku. Alifanya mazoezi. Mtu pekee katika meli ile ambaye hakufanya zimamoto ni yeye. Zimamoto aliifanya aliyefungia mitungi stoo, na watu kumi na moja—"

"Kaa chini," alisema Mheshimiwa.

"Mmoja wao aliniuliza swali, Mheshimiwa, na mimi—"

"Mwalimu Pazi, kaa. Kamati haichunguzi waliofariki kwa utaratibu. Inachunguza waliopona bila utaratibu." Aligeuka. "Mama, wewe utajibu ndiyo au hapana. Mimi mwenyewe nilikuwapo. Nilikuwa dirishani nikikagua bahari, kama ripoti inavyosema. Sikuona hatari yoyote iliyohitaji kuharakishwa. Wataalamu wetu wamethibitisha kwamba joto lile lingeshuka lenyewe, wageni wangetulia, fomu zingejazwa, na safari ingeendelea. Wewe, kwa papara zako, umeitia serikali aibu. Je, unakiri kwamba uliuzima?"

Bwana Shegella alifungua daftari. Dakta Kapteni Mlekwa, pembeni, alitazama viatu vyake. Bi Chausiku alisimama, akajifuta mikono kwenye kanga kama mtu aliyeitwa kutoka jikoni.

"Nakiri, Mheshimiwa. Na kama ni kosa, halina ugumu kulisahihisha: twende sote melini sasa hivi, mimi nikauwashe tena, na wewe urudi dirishani ukaendelee kukagua bahari."